Majani ya Kaburini

"Baba, usile! Hayo majani yametoka kaburini!"

Hiyo ndiyo sauti tuliyoiacha ikigonga bati wiki jana, msomaji wangu, na mwenye sauti alikuwa Salvina, mke wa Praygod. Kipande cha nyama kilikuwa kimefika kidevuni kwa Mzee Eliufoo, baba yake Praygod na mkubwa wa ukoo. Kikasimama hapo hapo.

Tone la mafuta ya kondoo likadondoka kwenye shati la mzee, na hakuna aliyelifuta.

Aikande, mjane mwenye nyumba, alikuwa amesimama mbele yao na beseni la kunawia mikono. Maji yakaanza kutikisika ndani ya beseni.

Maana pale mezani haikuwa nyama tu. Katika ukoo ule, mjane asiye na mtoto wa kiume akigombewa makao yake, wazee huja nyumbani kwake, naye huchinja na kupika. Mkubwa wa ukoo akila nyama ya chungu chake na kuimeza, basi moto wa nyumba ile umekubaliwa. Hakuna wa kumtoa tena kwenye kihamba, kwenye migomba na kahawa aliyoitunza, mpaka naye alazwe chini ya migomba hiyo. Asipokula, mjane anafunga mzigo anarudi kwao. Na mtoto anabaki. Mtoto ni wa ukoo.

Mtoto wa Aikande alikuwa mmoja tu, Kindness, binti wa kidato cha pili. Mume wake Godwin alikuwa amelala pale nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililozungushiwa masale, ile mimea ya heshima ya Wachaga. Na Praygod, mdogo wake Godwin, alikwishasema mbele ya watu wakitoka kanisani kwamba kihamba cha baba yao hakirithiwi na sketi.

"Rudia ulichosema," Mzee Eliufoo akamwambia Salvina, taratibu.

"Nimemwona kwa macho yangu, baba. Asubuhi niko pale mferejini, namwona ameinama kwa marehemu. Nikasema, maskini, anasali. Kumbe mwenzangu anatafuta kiungo cha mboga!"

"Limbwata," akasema mmoja wa wazee wawili waliokuja na Mzee Eliufoo, akaisukuma sahani yake kwa kidole kimoja kama mtu anayesukuma chura.

Praygod alikuwa anachokonoa meno, na wala hajala.

"Mama Kindness," Mzee Eliufoo akamgeukia mkwewe. "Ni kweli?"

Kindness alikuwa mlangoni. Aikande aliyaona macho ya mwanawe yakimsihi: sema sokoni, mama. Sema umenunua Mbuyuni. Nani atajua?

Na kweli, nani angejua? Rozmari ni rozmari, majani membamba kama sindano, yawe ya sokoni yawe ya kaburini. Lakini juu ya meza ile alikwishaombea chakula. Alikwishasema "kwa jina la Yesu" na watu wakaitikia amina.

"Ni kweli, baba."

Weee! Wazee wakasimama. Kiti kikaanguka. Mmoja akaanza kutema mate kwenye leso, na alikuwa hajatia hata kipande kinywani.

"Nisikilizeni jamani!" Aikande akaweka beseni chini. "Godwin alipokuwa mpishi wa wageni kule mlimani, ndivyo alivyokuwa anapika kondoo. Kitunguu saumu, ndimu na hayo majani. Baba, wewe mwenyewe ulikuwa unakula mpaka unafuta sufuria. Juzi ulipokuwa unaumwa si ulisema, laiti Godwin angekuwepo akanipikia ile nyama yake? Nilikusikia. Nikasema nitampikia baba nyama ya mwanawe."

"Ndio uende ukaichume kwake?" akauliza Salvina.

"Nilikuwa na mti wangu chini ya dirisha la jikoni. Jana nimeamka nimeukuta umekatwa mpaka kwenye shina. Kihamba kizima umebaki ule wa kichwani kwa Godwin. Niliupanda mimi, kwa mkono huu, siku tuliyopanda masale. Sikuona ubaya. Ni kama kuomba chumvi kwa mume wangu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, msomaji. Alisema la moyoni. Mtu wa mjini angecheka, lakini kwa wazee wa mlimani, mwanamke anayeomba chumvi kwa marehemu ni mwanamke wa kuogopwa.

Mzee Eliufoo akakirudisha kile kipande kwenye sahani. Akajifuta vidole, kimoja kimoja.

"Basi imekwisha," Praygod akasema, akakitupa kile kijiti cha meno. "Wazee, twendeni. Shemeji, magari ya kwenu Sanya Juu yapo mpaka jioni. Usisahau na beseni lako, si ulikuja nalo?"

Aikande akaanguka magotini. Hakuona aibu. Aibu ni ya mtu mwenye pa kwenda.

"Baba! Mnyama hajaisha. Niache nipike tena. Mbele ya macho ya watu. Lile jani silirudishi. Hata mkisema maji na chumvi tupu, nitapika maji na chumvi. Baba, usiniondolee mtoto kwa ajili ya jani!"

Mzee Eliufoo akatazama nje. Kibo kilikuwa kimejifunika mawingu tangu mchana, lakini upande wa Meru mbingu ilikuwa wazi na jua limeanza kuwa kubwa.

"Damu ikimwagika uani, wazee hawaondoki na njaa," akasema mwishoni. "Hiyo nayo ni sheria, Praygod, usiniangalie hivyo. Mama Kindness, pika. Lakini jua likizama sijala, nanyanyuka. Na nikinyanyuka, sikai tena."

"Mke wangu akae naye jikoni," Praygod akadakia. "Aangalie kila kinachoingia."

"Akae."

Aikande alikwisha kuinuka. Alikuwa anakimbia.

*

Jikoni akafunua kila sufuria. Mapaja yote mawili, mbavu, kidari, vyote vilikuwa vimekwisha kupikwa na rozmari. Kichwa na ngozi vilikwenda kwa wazee. Ukutani palining'inia kitu kimoja tu, kimefungwa kwa jani la mgomba: bega.

"Mama, usiguse," Kindness akanong'ona. "Hilo ni la mjomba Tito."

Aikande alilijua hilo kuliko yeye. Bega ni la wajomba. Kondoo akichinjwa kwa jambo la mtoto, bega linapelekwa kwa ndugu za mama yake, likiwa bichi, halijaguswa na kisu cha jikoni. Ukilipika wewe, umewaambia ndugu zako kwamba hawana binti hapa. Kuna watu walioacha kuzikana kwa sababu ya bega.

"Lete simu."

Iliita, ikaita. Salvina alikuwa amekwisha kuvuta kigoda, amekaa mlangoni na mfuko wake wa sokoni mapajani, anatazama kama askari wa benki.

"Haloo?"

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa na ng'ombe? Bega langu limefika wapi?"

"Ndilo nililokupigia, kaka. Naomba nilipike."

Aikande akasikia jogoo wa Sanya Juu akiwika ndani ya simu.

"Aikande, umelewa?"

"Wamekataa nyama ya kwanza, kaka. Jua likizama mzee hajala, wananitoa. Na Kindness anabaki kwao."

"Mwanamke wewe! Unajua nimemkataza mke wangu asipike leo? Nimekaa hapa na kisu kama bwana harusi."

"Kaka Tito, nakuomba kwa roho ya mama."

Tito akavuta pumzi ndefu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Wakikuuliza, waambie Tito amelitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Sisi dagaa tumezoea. Pika, dada. Na ukishindwa uje nyumbani, kitanda cha mama bado kipo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Kitanda cha mama kilikuwa cha mtu mmoja.

Akakata simu, akalifungua lile jani la mgomba, akashika kisu.

Bega ni nyama ngumu kidogo, haipendi haraka. Aikande akaikata vipande vidogo vidogo, kwa kukatisha nyuzi, ili moto uione upesi. Mafuta akayatia kwanza kwenye sufuria yayeyuke. Yalipoanza kulia akamimina nyama, akageuza, akageuza.

"Hiyo nini?" Salvina akauliza.

"Kitunguu saumu, mama Brenda. Hata kwenu Rombo kipo."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Salvina akanusa, akapiga chafya.

"Na hiyo?"

"Tangawizi."

"Na hayo unayoyatafuta huko kabatini?"

"Natafuta jani lolote linaloliwa na watu. Nyama ya kondoo bila jani ina harufu ya zizi, baba hataimeza." Aikande akageuka. Macho yake yakatua kwenye mfuko uliokuwa mapajani mwa Salvina. Kichwa cha giligilani kilikuwa kimechungulia nje. "Mama Brenda, nipe hiyo giligilani yako."

"Yangu mimi?"

"Umeinunua wewe, umeibeba wewe, imekaa mapajani kwako. Nikipika na jani lako, nani atasema nimelichuma kwa marehemu?"

Salvina akabaki mdomo wazi. Kindness akaziba wake kwa kiganja, maana kicheko kilikuwa kinamtoka mahali pasipo pake. Ile giligilani ikatoka mfukoni polepole kama jino.

Aikande akaiosha, akaikata, akatenga ya kumwagia mwisho. Akakamua ndimu. Harufu ikaanza kupanda. Kwa mara ya kwanza tangu mchana akaona labda Mungu hajalala.

Hapo ndipo mtungi wa gesi ukakohoa. Moto ukawa wa buluu, ukawa wa njano, ukazimika.

"Mama!"

"Nje! Kwenye mafiga! Beba hayo maji, mimi nabeba sufuria!"

Kuni zilikuwa zimenyeshewa. Zikatoa moshi tu, moshi mzito mweupe, mpaka watatu wote wakawa wanalia machozi yasiyo ya huzuni. Kindness akapuliza mpaka akaona nyota. Sufuria ikakaa pale juu, kimya, mafuta yameanza kuganda pembeni.

Jua lilikuwa limefika usawa wa vichwa vya migomba.

"Bwana," Aikande akasema kwa sauti, hakujali nani anasikia, "wewe uliyempa Eliya moto juu ya kuni zilizolowa, mimi siombi uteketeze dhabihu. Naomba ichemke tu."

Salvina akacheka puani. "Unadhani Mungu ana kazi ya kuchochea kuni?"

Aikande akamtazama kupitia moshi.

"Mama Brenda, watoto wako ni wangapi vile?"

"Unawajua."

"Wasichana watatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna. Nilikuwa nataja tu."

Moshi ukapita kati yao. Salvina akakunja mfuko wake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Praygod hajafa," akasema.

"Godwin naye alikuwa hajafa."

Salvina akainuka. Aikande akajua anakwenda kumwita mumewe, akasema basi, nimeropoka, nimejimaliza. Lakini Salvina alipita upande wa ghala la mahindi. Akarudi na tenga limejaa magunzi makavu, akalimwaga chini ya sufuria lote kwa pamoja.

Moto ukadaka. Ukaruka mpaka kwenye nyusi za Kindness.

"Usinishukuru," Salvina akasema, ameangalia pembeni. "Moshi unaniumiza macho."

Nyama ikaanza kuchemka. Salvina akachuchumaa karibu, sauti akaishusha.

"Ule mti wa dirishani aliukata yeye. Alijua ukikosa hapa utakwenda wapi kuchuma. Mimi niliambiwa nikae mferejini nione, basi. Aliniambia kihamba hiki ni cha watoto wetu, ndio maana nikakubali."

Kijiko kikasimama ndani ya sufuria.

"Utasema mbele ya baba?"

"Wewe! Nilale wapi leo?"

*

Jua lilikuwa limekaa juu ya Meru kama yai kwenye kikombe pale Aikande alipoingia sebuleni na sinia. Jasho limemkaukia, kanga ina masizi, nywele zinanuka moshi. Wazee walikuwa wamekwisha kushika fimbo zao.

Hakuomba wala hakueleza. Akaweka sinia mbele ya mkwewe. Vipande vya bega vilikuwa vimeiva rangi ya udongo mwekundu, giligilani mbichi juu yake, ndizi za kuchemsha pembeni. Harufu ikajaza chumba mpaka yule mzee wa limbwata akameza mate, ikasikika.

"Nyama hii ni ya wapi?" Mzee Eliufoo akauliza.

"Bega la wajomba, baba. Kaka Tito amelitoa kwa mdomo wake."

Wazee wakatazamana. Hilo halikuwa jambo dogo. Mzee Eliufoo akaitikia kwa kichwa taratibu, na sura yake ikalegea kidogo.

"Mke wangu," Praygod akaita. "Ameweka nini humu?"

Salvina alikuwa mlangoni na jagi la maji. "Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu. Na giligilani."

"Giligilani ya wapi?"

"Yangu."

Praygod akamtazama mkewe. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo Aikande hakulipenda hata kidogo.

"Vizuri. Mwenye chungu aonje kwanza, si ndivyo?"

Aikande akachukua kipande, akala mbele ya wote, akafunua kinywa kuonyesha kwamba amemeza, kama mtoto aliyepewa dawa. Mzee Eliufoo akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Ngoja, baba!" Praygod akaushika ule mkono. "Mwenye dawa hadhuriki na dawa yake. Aonje na mwingine."

"Nani?"

"Mimi. Kama kufa, nife mimi kabla ya baba yangu."

"Huyo ndiye mtoto wa kiume," akasema yule mzee wa limbwata.

"Leo baba mdogo ana upendo," Kindness akanong'ona, na Aikande akamfinya anyamaze.

Praygod akapiga magoti mbele ya sinia, mikono yote miwili akaificha nyuma ya mgongo.

"Lakini mkono wangu siuchovyi kwenye sahani ya mtu anayechuma kwa wafu. Kama chakula chako ni safi, shemeji, nitie mwenyewe mdomoni."

Aikande akatazama dirishani. Jua lilikuwa limebaki nusu. Akamtazama mkwewe, na mkwewe alikuwa anamtazama yeye, anangoja.

Mfa maji haachi kutapatapa. Aikande akachukua kipande kwa vidole vyake, akakitia mdomoni mwa Praygod.

Praygod akatafuna taratibu. Akameza. Akalamba midomo.

"Tamu," akasema. "Kula, baba."

Na Mzee Eliufoo akatia nyama kinywani.

Ee Bwana! Aikande aliliona taya la mzee likienda juu na chini, akahisi kitu kikifunguka kifuani mwake, kitu kilichokuwa kimefungwa tangu siku ya mazishi. Asante Yesu. Asante Yesu. Kindness akamshika kiuno kwa nyuma.

Ndipo Praygod akasimama, akapiga makofi mara moja kama mwalimu.

"Wazee wangu, mmeona?"

"Tumeona. Ni chakula safi."

"Siulizi chakula. Mmeona nani amenilisha, na kwa mkono gani?" Akamgeukia yule mzee wa limbwata, ambaye ndiye aliyejua mila kuliko wote. "Meku, mzee wangu, nisaidie, mimi ni kijana. Mjane akimlisha ndugu wa mumewe kwa mkono wake, kwenye moto wake, mbele ya ukoo, amesema nini?"

Yule mzee akakuna shingo. "Hiyo ni mila ya zamani sana, Praygod. Ya enzi za babu zetu."

"Imefutwa?"

"Sijasikia mtu aliyeifuta."

"Basi amesema nini?"

Mzee akawaangalia wenzake, akakohoa.

"Amesema aingie. Amemchagua awe mwenye nyumba. Amrithi yeye na moto wake."

Aikande alisikia maneno hayo kama mtu anayesikiliza habari za mwanamke mwingine. Kisha yakamfikia.

"Hapana!" Sauti ilitoka ambayo hakuijua. "Hapana, baba! Mimi siijui mila hiyo, mimi nimezaliwa Sanya Juu, sijawahi kuisikia! Mimi nimefunga ndoa kanisani, na mume wangu ni mmoja, yuko pale nyuma ya nyumba!"

"Hukuijua?" Praygod akasema kwa upole mkubwa. "Shemeji, na majani nayo hukujua. Wewe ni mtu wa kutojua tu. Ulitaka baba ale ili ubaki kwenye kihamba. Amekula. Baki. Nani anakufukuza? Kesho naleta vitu vyangu. Na Kindness nitamlea mimi mwenyewe, ni damu ya kaka yangu."

Kindness akajificha nyuma ya mama yake. Kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye kanga mpaka kwenye ngozi.

"Baba Brenda," sauti ikatoka mlangoni. "Umesema nini?"

Praygod hakugeuka.

Salvina akaliweka jagi sakafuni. Akafungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni, fundo la kwanza, fundo la pili, akavuta kwa nguvu.

Lakini Aikande hakumwona. Alikuwa anamtazama mtu mmoja tu.

Mzee Eliufoo alikuwa amekaa vile vile. Shavu moja limevimba. Ile nyama ilikuwa bado kinywani.

Akimeza, moto umekubaliwa, na Praygod yumo ndani ya moto huo. Akitema, Aikande anatoka leo hii, na Kindness anabaki mikononi mwa mtu huyo huyo.

"Baba," akasema. Alitaka kusema tema. Alitaka kusema meza. Ulimi ukakataa yote mawili.

Nje, ukingo wa mwisho wa jua ukagusa mgongo wa Meru. Macho ya mzee yakatoka kwa mwanawe yakaja kwa mkwewe, yamejaa maji. Taya lilikuwa limesimama.

Hakutafuna. Wala hakutema.